Baiskeli ya Kupandia Vilima vya Pemba

Mtu aliyezoea njia za Dar es Salaam au za mjini Unguja hudhani kuwa kila kisiwa ni sinia iliyolala juu ya bahari. Pemba humsahihisha mara tu ateremkapo melini pale Mkoani. Bandari iko chini, mji uko juu, na barabara iendayo Chake Chake huanza kwa kupanda. Ukiwa umekuja na baiskeli yako, ndugu msomaji, usione haya kuisukuma mwendo huo wa kwanza. Hata wenyeji wenye mzigo huisukuma.

Kisiwa chenyewe si kikubwa. Toka kaskazini hadi kusini hupata kilomita 67 hivi, na upana wake ni kama kilomita 22 tu. Wala vilima vyake si virefu, kwani hakuna kinachofikia mita 150 juu ya bahari. Taabu yake ni wingi wa vilima hivyo. Upande wa magharibi, ambako ndiko mikarafuu ilikoshamiri, nchi imekunjamana kama kanga iliyotolewa mfukoni: unapanda, unateremka hadi bonde la mpunga, unavuka kijito, unapanda tena, na kabla hujavuta pumzi umeona mteremko mwingine. Waarabu walikiita kisiwa hiki Al-Jazira al-Khadra, yaani kisiwa cha kijani. Aendaye kwa baiskeli huuona ukijani huo vizuri kuliko wa motokaa, kwa sababu huutazama polepole sana.

Katika nchi ya namna hii baiskeli si kitu cha anasa. Barabara kuu zina lami, na daladala hupita. Lakini karafuu haziotei kando ya lami. Gunia hutoka shambani kwa vichochoro vya udongo mwekundu ndipo lifike barabarani, na samaki wa pwani hupandishwa hadi sokoni kwa njia hizo hizo. Mtoto hupelekwa skuli juu ya keria ya babaake. Mama mgonjwa naye pengine hupelekwa kituo cha afya vivyo hivyo, akimshika mwanawe kiuno. Kwa hiyo tunaposema habari ya tairi, ringi na uma wa mbele, hatusemi habari ya mchezo wa vijana. Tunasema habari ya chombo kinachobeba riziki na roho za watu kwenye mteremko uliolowa mvua ya masika.

Kwa miaka mingi baiskeli ya Pemba ilikuwa ya aina moja, nayo ingaliko: ile nyeusi, ndefu, yenye breki za vyuma vya fito, iwe Raleigh ya Uingereza, Phoenix ya China au Hero ya India. Baiskeli hii ina sifa zake na haifai kudharauliwa. Chuma chake ni kizito lakini hukubali kuchomelewa na fundi yeyote. Magurudumu yake ni ya inchi 28, na tairi lake ni la inchi 1½, ambalo ni kama milimita 40. Gurudumu kubwa hupita juu ya shimo dogo bila ya kuzama, na kwenye lami hukimbia vyema. Udhaifu wake huonekana mahali pawili: mchangani, ambako tairi jembamba hukata kama kisu, na mteremkoni wakati wa mvua. Habari ya breki tutaifikia.

Siku hizi imeingia pia baiskeli ya gia yenye matairi mapana, nyingine mpya na nyingi zilizokwisha tumika ng'ambo. Wengi huinunua kwa kuwa inapendeza macho. Asili yake lakini ni vilima. Katika miaka ya 1970, vijana wa jimbo la California huko Marekani walichukua baiskeli kuukuu za miaka ya 1930, zenye matairi mapana ya inchi 2⅛ ambayo kampuni ya Schwinn ilianza kuyauza mwaka 1933, wakaziteremsha katika njia za mawe za karibu na Mlima Tamalpais. Mwaka 1976 walianza kushindana rasmi katika mteremko mmoja walioupa jina la Repack, kwa sababu breki zao za kitovuni zilipata moto mpaka grisi ikageuka moshi, na kila walipofika chini iliwabidi watie grisi mpya. Mwaka 1981 kampuni ya Specialized ilitoa Stumpjumper, mojawapo ya baiskeli za kwanza za aina hii kutengenezwa kwa wingi kiwandani, na toka hapo zikaenea dunia nzima.

Hata Tanzania iliziona mapema. Tarehe 31 Desemba 1984 binamu wawili Waingereza, Richard na Nicholas Crane, walizifikisha baiskeli zao kileleni mwa Kilimanjaro, ijapokuwa sehemu nyingi baiskeli ndizo zilizowapanda wao mabegani. Zingatia mwaka huo. Uma wa mbele wenye springi, ambao leo muuzaji hukuonyesha kwa fahari, ulikuwa haujaanza kuuzwa. RockShox ilitoa wake wa kwanza mwaka 1989. Kilimanjaro ilipandwa kwa uma mgumu wa chuma na tairi pana.

Jambo hilo ndilo nitakalo ulishike unapokwenda kununua. Katika baiskeli, springi ya kwanza ni upepo ulio ndani ya tairi. Mwaka 1888 John Boyd Dunlop, mganga wa wanyama mjini Belfast, alifunga mpira wenye upepo kwenye baiskeli ya mwanawe ya magurudumu matatu, na tangu siku hiyo hakijapatikana kitu rahisi kuliko hicho cha kuuokoa mgongo wa mtu. Kadiri tairi linavyokuwa pana, ndivyo linavyoweza kujazwa upepo mchache bila ya ringi kugonga jiwe, na upepo ukiwa mchache tairi hujilaza juu ya ardhi na kuishika. Jembamba halina hiari hiyo. Ulilegeze kidogo tu, upite juu ya ncha ya jiwe, mpira wa ndani utabanwa baina ya jiwe na ringi na kutoboka matundu mawili sambamba. Fundi akiyaona matundu hayo mawili hahitaji kuuliza; anajua hukugonga mwiba.

Sasa, tairi pana kiasi gani? Jibu limo ardhini, na Pemba ina ardhi za namna tatu.

Ya kwanza ni udongo mwekundu wa vilima vya magharibi. Ukikauka ni mgumu kama sakafu, na mvua ikinyesha huwa sabuni. Udongo huu hunata: hujaza mapengo ya tairi hadi likawa laini kama embe, kisha hulizonga gurudumu lisizunguke. Kwa hiyo meno ya tairi yasiwe mengi yaliyosongamana, bali yaachane, ili udongo uruke wenyewe. Ya pili ni mchanga wa kaskazini, ukiisha kuupita msitu wa Ngezi na kuelekea Vumawimbi na Ras Kigomasha. Hapo meno hayana kazi kubwa. Kinachotakiwa ni upana na upepo mchache. Ya tatu ni nchi ya mawe ya matumbawe, upande wa mashariki na hasa Micheweni. Mawe yale yana makali kama kombe la chaza. Huko adui hashambulii uso wa tairi peke yake, hushambulia mbavu zake. Kabla hujatoa fedha, libane tairi ubavuni kwa vidole viwili. Lililo jepesi kama karatasi litakukimbiza kwa fundi kila wiki.

Kwa mtu mwenye shughuli zake za kila siku, ambaye nusu ya njia yake ni lami na nusu ni vichochoro, ningemshauri achukue tairi la inchi 26 kwa 1.95, au kwa 2.10, lenye mstari uliounganika katikati na meno pembeni. Mstari ule hukimbia lami bila ya ngurumo, na meno ya pembeni huamka pale baiskeli inapozama udongoni au inapolala kwenye kona. Matairi yenye meno makubwa mwili mzima hupendeza dukani. Barabarani huliwa na lami upesi na humchosha mwenye kukanyaga. Na kama una fedha ya tairi moja zuri tu, lifunge mbele. La nyuma likiteleza unaweza kulirudisha, lakini la mbele likiteleza wewe uko chini. Yapo pia, kwa wapenda makubwa, matairi ya karibu inchi 4. Kampuni ya Surly ya Marekani iliuza baiskeli ya namna hiyo iitwayo Pugsley mwaka 2005, kwa ajili ya theluji na mchanga. Ni raha ufukweni. Lakini siku mpira wake wa ndani ukipasuka Kangani, sijui utamwendea nani.

Hapa pana mtego unaowala watu fedha zao, hasa wale walioko Bara wanaowanunulia ndugu zao vipuri. Tuseme mfanyakazi wa Dar es Salaam ameandikiwa na mdogo wake amletee tairi la inchi 26. Analinunua, analikabidhi kwa msafiri, linavuka bahari mpaka Wete, na likifika halivaliki. Sababu ni kwamba "inchi 26" si kipimo kimoja. Tairi lililoandikwa 26 x 1⅜ huvaa ringi yenye kipenyo cha milimita 590, na lile la 26 x 1.95 huvaa ringi ya milimita 559. Ni tofauti ya milimita 31, ambayo hakuna nguvu za fundi zitakazoiziba. Inchi 28 nayo ina hila hiyo hiyo: ile ya baiskeli nyeusi ya 28 x 1½ ni milimita 635, na ile ya baiskeli nyingi za kisasa za Ulaya, ambayo nayo huitwa 28, ni milimita 622. Kwa hiyo ziache inchi. Tazama ubavuni mwa tairi kuukuu, utakuta namba ndogo za milimita kama 40-635 au 54-559. Ya kwanza ni upana na ya pili ni kipenyo cha mahali tairi linapokaa kwenye ringi. Namba ya pili lazima ilingane kabisa. Ya kwanza ina uhuru kidogo. Ndugu yako akiandika, na aandike namba hizo.

Pana na vali. Baiskeli nyingi nyeusi zina vali nyembamba ya kizamani, na za gia aghalabu zina vali nene kama ya motokaa. Iliyo nene ina faida Pemba, maana hata kituo cha petroli au fundi wa pikipiki anaweza kukujazia upepo.

Tuingie katika ringi, na ndipo ilipo habari ya breki niliyoiahidi.

Ringi ya baiskeli nyeusi ni ya chuma kilichong'arishwa, na breki yake ya fito huvuta vipande vya mpira kuelekea nje, vikaikwaruza ringi kwa upande wa ndani unaotazama kitovu. Siku kavu kazi yake ni ya kuridhisha. Mvua ikinyesha, maji hukaa juu ya chuma kile kama mafuta, na mpira huteleza bila ya kushika. Mtu mwenye gunia nyuma, anayeteremka kilima cha udongo baada ya mvua, hubana breki na kuona baiskeli inaendelea na shughuli zake kana kwamba haikuambiwa kitu. Wengi wa Pemba huijua hali hii vizuri, na ndiyo maana utawaona wakishuka na kuikokota baiskeli mteremkoni kama walivyoikokota mlimani. Mgeni huwacheka. Asiwacheke.

Ringi ya alumini ni nyepesi, haili kutu ya hewa ya bahari, na breki huishika vizuri zaidi inapolowa. Kasoro yake ni kwamba ikipindwa na shimo haikubali kupigwa nyundo na kunyooka kama chuma, hupasuka. Ukichagua alumini, chagua yenye kuta mbili. Itazame ndani kupitia tundu la spoki: kama unaona ukuta wa pili, na kichwa cha spoki kimejificha kati ya kuta hizo, hiyo ndiyo. Yenye ukuta mmoja itakwenda upogo kwa gunia la kwanza.

Upana wa ringi nao uafikiane na tairi. Tairi la milimita 50 hadi 54 hukaa vyema kwenye ringi ambayo nafasi yake ya ndani ni milimita 19 hadi 25. Ukilivika ringi nyembamba mno, litavimba juu kama andazi na kuyumba kila unapokata kona. Kisha hesabu matundu ya spoki. Baiskeli nyeusi kwa desturi ina spoki 32 mbele na 40 nyuma, na ya gia mara nyingi 36 au 32 kote kuwili. Ringi ya matundu 36 haitafungwa kwenye kitovu cha matundu 40, hata muuzaji akuapie. Kwa wenye kubeba mizigo, spoki nyingi ni salama. Na kila baada ya miezi michache zipigwe kwa ukucha moja moja. Zinazolia sauti nzito zimelegea.

Wako vijana wanaojaribu kuifunga baiskeli nyeusi gurudumu pana la inchi 26. Nia yao ni njema. Lakini gurudumu likiwa dogo, breki za fito hazilifikii tena, na tairi la inchi 2 hugusa uma pande zote mbili. Ukibadili ringi umebadili breki, na ukibadili breki umeugusa uma. Vitu hivi vitatu huolewa pamoja.

Uma, basi, ni ile panda ya chuma inayolishika gurudumu la mbele kulia na kushoto. Jambo la kwanza kuutazama ni nafasi. Baina ya tairi na uma, kila upande na juu, kiingie kidole chako bila ya kubanwa. Kwenye lami nafasi ndogo kuliko hiyo hutosha, lakini kwa udongo wa Pemba hujaa hatua mia moja tu kutoka kwenu, na gurudumu likisimama ghafla mteremkoni, mwenye baiskeli huendelea peke yake.

La pili ni springi. Muuzaji atakuonyesha uma wenye springi, ataukandamiza mara mbili tatu, nawe utaona kama godoro. Uma mzuri wa namna hiyo upo, na bei yake hushinda baiskeli nzima ya mfanyakazi. Ule wa bei nafuu ni mzito. Ukisimama kukanyaga mlimani hunywa nguvu zako kwa kubonyea na kuinuka. Na hewa ya chumvi hula zile nguzo zake zinazong'aa hadi zikwame au zicheze. Kwa mwenye kubeba mzigo Pemba, mimi ningechagua uma mgumu wa chuma na tairi pana la kulegezwa upepo. Hauna cha kuharibika, na ukichoka hupinda kabla ya kukatika, ukakupa nafasi ya kuona.

Kuona ndiko kwenyewe, ikiwa unanunua baiskeli iliyotumika. Simama ubavuni mwake uitazame kwa mbali: uma uwe umefuata mstari wa shingo ya baiskeli kabla ya kupinda mbele kidogo kuelekea ekseli. Uliorudi nyuma umekwisha gonga ukuta au motokaa. Pitisha kidole chini ya shingo, mahali miguu miwili inapokutana, utafute rangi iliyopasuka au kunyanyuka, maana nyufa huanzia hapo. Kisha bana breki ya mbele, uisukume baiskeli mbele na nyuma. Ukisikia kugonga, gololi za shingoni zimelika au zimelegea. Na kama utanunua uma peke yake, pima unene wa bomba lake la juu. La baiskeli nyingi za zamani ni inchi 1, na la nyingi za gia ni inchi 1⅛. Hazibadilishani.

Ukisha kuipata baiskeli ya namna hii, usikimbilie lami peke yake. Toka Chake Chake uende Pujini kuyaona magofu ya Mkama Ndume, upite katikati ya mashamba, au panda kaskazini hadi Konde, kisha magharibi kuingia Ngezi, ambako miti hukutana juu ya kichwa chako na jua hupotea ghafla. Kwa mtu wa kilo 70 asiye na mzigo, tairi la 2.10 lenye pauni 35 hadi 40 za upepo litamtosha njia hiyo. Mwenye gunia aongeze la nyuma, asivuke kiwango kilichoandikwa ubavuni mwa tairi.

Ukitokeza upande wa pili wa msitu, karibu na Makangale, ardhi itageuka kuwa mchanga na utaanza kuyumba. Shuka, toa upepo mpaka tairi libonyee kidogo kwa kidole gumba, pauni 20 na kitu, kisha endelea taratibu bila ya kukata kona kwa nguvu mpaka uione bahari ya Vumawimbi. Wakati wa kurudi jaza tena kabla hujaingia njia ya mawe. Na pampu hiyo uwe umeifunga kwenye fremu tangu nyumbani, pamoja na viraka na gundi, kwa kuwa kuiazima ni mpaka Konde.